Mdudu Mliyempa Jina la Mwanangu

11 Februari

Mdogo wangu,

Hatujambo, kama unataka kujua. Mama magoti yanamsumbua, ila anakula na anagombana na kila mtu, kwa hiyo ni mzima. Baba Chiriku amerudi kazini kwenye lori lake. Akirudi anaoga, anakaa karibu na mlango, haongei. Kitinda mimba wangu ameng'oka jino la mbele na amenuna, kwa sababu wa kumcheka kwa hilo pengo hayupo tena.

Salamu zimeisha.

Jumanne tulikuwa tunamalizia sare za shule. Redio iko juu ya kabati la vitambaa kama kawaida. Nikasikia sauti yako. Nikaruka! Nikawaambia wasichana wangu wa kazi, "Simamisheni cherehani, huyo ni mdogo wangu, yule mtafiti!" Kimbelembele changu. Wakasimamisha. Tukakusikiliza ukieleza vijidudu vinavyozoea dawa, watu wanaokatiza dozi, dawa zilizokuwa kali na sasa ni kama maji tu. Nilikuwa nimevimba kichwa kwa fahari. Halafu mtangazaji akakuuliza yupi mbaya kuliko wote. Ukasema, "Tunaye mmoja pale maabara, alimuua msichana wa miaka kumi na tisa aliyevunjika mguu tu. Tumemjaribu kwa kila dawa tuliyonayo, hafi. Sisi tunamwita Chiriku."

Mtangazaji akacheka. Alicheka, we mwanamke! Na mimi nimeshika sketi ya mtoto wa watu, sindano imo ndani, wasichana wananitazama kama nimevuliwa nguo.

Jina lile nilimpa mimi kabla hajafika miaka mitatu, kwa sababu alikuwa hanyamazi hata akiwa na chakula mdomoni. Ni langu. Nilimzika nalo Desemba, na wewe ulikuwepo, ulitupa udongo kwa mkono wako. Kumbe ulirudi kazini ukamhifadhi muuaji wake kwenye friza, ukampa jina la marehemu, na unamlisha. Unaamka asubuhi, mtu mzima na digrii zako, unakwenda kumpa chakula aliyemuua mtoto wa dada yako!

Nataka kitu kimoja. Mteketeze. Sitaki maelezo.

Usinipigie. Namba yako nimeifungia. Kwenye simu unalia, na ukilia mimi nasahau nilichokasirikia. Andika.

Dada yako

*

24 Februari

Dada,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila hiyo.

Mwambie Mama dawa ya magoti anywe akishakula, asinywe na tumbo tupu, tena asimgawie jirani. Mwambie Baba Chiriku namkumbuka. Na huyo mwenye pengo nimemwekea penseli za rangi.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye korido, nikairudia nikiwa nimekaa. Kuhusu redio, sina la kujitetea. Mdomo uliniponyoka. Niliporudi kazini nilijifungia chooni.

Kuhusu jina, ngoja nikueleze, halafu unitukane. Pale kwetu kila kijidudu kinachotoka kwa mgonjwa kinawekwa kwenye kichupa, na kichupa kinaandikwa namba. Hatuandiki majina, ni sheria. Siku ya kichupa chake nilishika kalamu na mkono ukagoma. Huyu mtoto nilimsuka nywele. Alinipigia simu saa nzima kunisimulia filamu ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaiona. Ningemwandikaje namba? Nikaandika Chiriku kwenye kipande cha plasta, nikabandika. Nilidhani nitakijua mimi peke yangu. Wenzangu wakaliona, wakalizoea, na mwisho nikalizoea na mimi. Ndivyo lilivyofika redioni.

Kuhusu kumlisha, Dada, hatumfugi kama kuku. Huyu ni bakteria wa kawaida, wa aina inayokaa kwenye maji na vumbi. Mtu mzima mwenye afya akikutana naye, kinga ya mwili inamfukuza hata bila yeye kujua. Tabu ni kwa mwenye kidonda kibichi, mwenye damu iliyopungua. Homa ile ya Chiriku ilikuwa ni mwili wake unapigana, na ulipigana sana, usije ukafikiri alikata tamaa. Dawa ndizo zilizomwangusha. Kila tuliyompa, mdudu alikuwa ameshajifunza kuikwepa. Tunamweka hai ili tujue alijifunzia wapi.

Kumteketeza siwezi. Niamini tu, Dada.

Mdogo wako

*

9 Machi

Mdogo wangu,

Mama anasema dawa anakunywa anavyotaka yeye, na jirani ni rafiki yake. Hayo ndiyo majibu yako.

"Niamini tu." Umeniandikia kurasa mbili, na pale nilipotaka sababu ukaniwekea hilo. Mdogo wangu, mimi ndiye niliyekufundisha kudanganya wazazi. Nakujua ukiwa unaficha kitu.

Sasa nikupe habari za mjini. Mteja wangu wa miaka yote, mke wa fundi saa, alikuja kuchukua sare za wanawe. Nikamnyooshea, hakupokea. Akaniambia niziweke juu ya meza. Halafu akauliza kwa sauti ya huruma, "Eti ule ugonjwa wa Chiriku unaambukiza kwenye nguo?" Ugonjwa wa Chiriku! Siku hizi ndivyo unavyoitwa, na kuna wanaosema yeye ndiye aliyeupeleka hospitali. Wiki iliyopita dereva mmoja alimtania Baba Chiriku kwa hilo. Baba Chiriku, mtu ambaye hajawahi hata kumfokea mbwa, alimng'oa jino mbele ya msimamizi. Amesimamishwa kazi. Sasa anakaa karibu na mlango mchana pia.

Mimi nilichobaki nacho cha mwanangu ni kitana chake, taulo lake la uso, na kile chuma walichomtoa mguuni mara ya pili. Nesi alinikabidhi kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa, akasema, "Hiki ni chenu, mlikinunua wenyewe." Nikakitia kwenye kopo la vifungo vibovu, na hapo kipo mpaka leo, maana nikikishika nakuwa si mtu. Nyie mnaye mdudu mzima, mmempa friza na jina. Nani ana haki ya kulia hapa?

Na kuna jambo ambalo hatujalisema, nalisema mimi. Hospitali ya huku ilikuwa karibu. Angeweza kufungwa mguu wake hapa hapa, akarudi nyumbani na magongo yake anapiga kelele. Mimi nilisema hapana, apelekwe kwa mama yake mdogo, kule kwenye hospitali kubwa yenye maabara, huko ataangaliwa. Nilimleta kwako.

Nimeiandikia hospitali yenu mara tatu kuuliza mwanangu aliyatoa wapi maradhi hayo. Kimya. Sasa nitamwandikia mkurugenzi wako mwenyewe, na sitauliza. Nitadai kama mama mzazi kwamba kichupa hicho kiteketezwe. Nakuarifu ili usiseme nilikuzunguka.

Dada yako

*

20 Machi

Dada,

Shikamoo. Wote wasalimie. Pole ya kazi mpe Baba Chiriku, mwambie ningekuwepo ningemng'oa yule dereva la pili.

Nakupigia magoti. Mwandikie yeyote unayemtaka, mwandikie rais, usimwandikie mkurugenzi. Sababu siwezi kuiweka kwenye karatasi. Kuna kitu nimesaini, na kuna kingine zaidi ya hicho.

Nipe mwezi mmoja tu. Baada ya hapo nitakuja nyumbani, nikae mbele yako, unipige ukitaka.

Mdogo wako

*

2 Aprili

Mdogo wangu,

Tunaendelea. Kitinda mimba amepata jino jipya, limeota limepinda kama la baba yetu.

Yako imenikuta nimeshaandika. Na unajua nini? Amejibu! Barua tatu za kuuliza hazikupata hata salamu. Hii moja ya kudai imejibiwa upesi kuliko mteja anayedai nguo ya harusi. Karatasi nzito, muhuri, na sahihi yake kwa wino wa bluu. Ananiita "mama mpendwa". Anasema maumivu yangu ni maumivu ya hospitali nzima, anasikitika kwamba mfanyakazi wake alitumia jina la marehemu bila heshima, na ombi langu litatekelezwa mara moja, sampuli zote za marehemu zitaondolewa. Ameniletea na karatasi ya kuweka sahihi, nimeweka, nimerudisha siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo ndiyo hivyo. Mtu baki ameona uchungu wangu kuliko wewe uliyetoka tumbo moja na mimi. Nimemsomea Mama ile barua. Mama akauliza, "Mbona huyu ana haraka hivyo?" Nikamwambia kuna watu wenye adabu zao. Akaendelea kukunja nguo.

Nilidhani nitalala vizuri. Bado.

Dada yako

*

10 Aprili

Dada,

Leo sikuamkii.

Amekuja maabara Jumatatu, na barua yako kwenye mfuko wa koti. Akaisoma kwa sauti mbele ya wenzangu, uso umemnyong'onyea kama yuko msibani. Alipomaliza akasema, "Ni matakwa ya familia, na familia tunaiheshimu." Akaniambia nikitoe kichupa mwenyewe. Alisimama nyuma yangu mpaka nilipokitia kwenye mtungi wa mvuke, nikafunga mfuniko, nikawasha. Mtungi ule ule unaochemshia takataka za maabara. Alisubiri mpaka ukapiga king'ora kwamba tayari. Mkurugenzi mzima, mwenye vikao tangu asubuhi mpaka jioni, alikaa kwenye kiti cha plastiki akingojea mdudu aive!

Sasa nitakuambia, na yaliyomo kwenye karatasi niliyosaini yafie mbali.

Chiriku hakuwa wa kwanza. Alikuwa wa tatu. Kabla yake mzee mmoja aliyevunjika nyonga, na kabla ya mzee huyo, mama mmoja aliyeungua. Wote chumba kile kile. Hatukuunganisha, kwa sababu walikuja kwa nyakati tofauti na kila kichupa kilikuwa namba tu. Ni baada ya Chiriku kufariki ndipo nilipokasirika, nikaingia kile chumba na pamba za kuchukulia sampuli, nikapangusa kila kitu. Vitanda, vitasa, dripu, mapazia. Nikampata kwenye sinki. Ile ya kwenye kona, karibu na kitanda chake. Yumo ndani kwenye tundu la maji machafu, amejenga utelezi wake mle, na kila bomba likifunguliwa maji yanaruka na yeye anaruka nayo. Madaktari wanamwaga pale mabaki ya dawa za dripu. Ndiko alikojifunzia, Dada. Kila siku anaonjeshwa dawa kidogo kidogo, kiasi cha kumzoesha na si cha kumuua. Na juu ya sinki hiyo wamebandika karatasi kubwa: NAWA MIKONO.

Nilipeleka taarifa Januari. Nikaambiwa nisaini kwamba sitasema mpaka "uchunguzi ukamilike". Kubadilisha bomba ni kufunga chumba, na kufunga chumba ni kujibu maswali ya watu. Wakamwaga sabuni yenye harufu ya limau, wakapaka rangi ukutani, wakaendelea kulaza wagonjwa. Muda si mrefu vile vichupa viwili vya kwanza vikaharibika, eti umeme ulikatika kwenye friza ile. Friza ile peke yake! Akabaki Chiriku.

Mdudu wa kwenye sinki peke yake hana kesi. Kila sinki duniani ina wadudu. Lazima awepo na aliyetoka kwa mgonjwa, wawekwe pamoja, zisomwe alama zao za ndani, ionekane ni ukoo mmoja. Mashine ya kusoma alama hizo iko taasisi nyingine, na kichupa hakitoki nje bila sahihi ya mkurugenzi. Niliomba sahihi hiyo tangu Januari, akawa ananipiga chenga. Alikuwa anatafuta tu sababu nzuri ya kukiondoa. Wewe umemletea mpaka mezani, umemwekea na sahihi.

Nilikuomba mwezi mmoja. Nilikuwa nimempata mwalimu wangu wa zamani wa chuo, alikuwa anakwenda wizarani kuniombea kibali bila kupitia kwake. Mwezi mmoja tu, Dada!

Kuna msichana mwingine amelazwa kitanda kile tangu jana. Mkono umevunjika.

Mdogo wako

*

19 Aprili

We mtoto,

Barua yako nimesomewa na Baba Chiriku, maana mimi nilipofika kwenye king'ora herufi zikaanza kucheza. Alipomaliza aliikunja vizuri, akatoka nje, akapiga mlango wa lori la jirani mpaka ukabonyea. Mama amekaa anasema, "Nilisema ana haraka. Sikusema?" Amesema, na mimi nikamjibu kijeuri. Haya.

Nimekasirika na sijui nianze na nani. Nimeanza na mimi, nikamaliza haraka, kwa sababu mimi niliandika kile nilichokijua. Nimekuja kwako, na kwako sijamaliza. Karatasi! Umenificha kwa sababu ya karatasi? Wewe uliyeruka ukuta wa shule na nguo nyeupe? Wewe uliyemwambia baba mkubwa usoni kwamba huolewi ng'o? Tangu lini umeogopa kusaini na kuvunja? Nilikaa siku mbili nakata vitambaa vibaya, nimeharibu sare za darasa zima, nikijiuliza. Halafu mkasi ukanianguka mkononi.

Sinki ya kwenye kona.

Ndiyo pale nilipokuwa nafulia taulo lake. Asubuhi na jioni. Nalilowesha pale, nalikamua, nampangusa uso, shingo, mguu mpaka karibu na bandeji. Alikuwa anapenda maji ya baridi akiwa na homa. Wewe uliingia mara ngapi ukanikuta nimesimama pale nakamua? Ulinikuta mpaka ukanisaidia kulianika kwenye chuma cha kitanda.

Hukunyamaza kwa ajili ya mkurugenzi. Ulinyamaza kwa ajili ya lile taulo. Uliona bora nikuchukie wewe na kichupa chako kuliko nijue. Kama ni hivyo niambie ndiyo. Usiniandikie kurasa, niambie ndiyo.

Na ukishasema, nisikilize. Taulo lilikuwa safi, nimelishona pindo mimi mwenyewe. Mikono yangu ilikuwa safi. Walioweka uchafu ndani ya bomba, wakaujua, wakaupaka limau, ni wao. Usithubutu kunionea huruma tena namna hiyo maisha yako yote. Mimi si yai.

Swali moja, na hili lijibu kwa urefu unaotaka. Ulijua kabla hajalazwa?

Sasa jambo lenyewe. Umesema anatakiwa mdudu aliyetoka kwa mgonjwa. Kile chuma cha mguu kimo kwenye kopo. Kitambaa walichokifungia sijakifungua tangu siku ile, na nesi alikitoa moja kwa moja kwenye nyama ya mwanangu akanipa. Sikukiosha. Watu waliniambia nikioshe na nikichemshe, nikakataa kwa sababu damu iliyo juu yake ni ya kwake. Itakuwa nyeusi sasa, imekauka imeingia kwenye matundu ya skrubu. Je, anaweza kuwa hai mle? Mimi sijui. Wewe ndiye mwenye digrii.

Njoo uchukue mwenyewe. Simpi mtu wa basi, simpi posta. Na kichupa hicho safari hii kisiwe cha mkurugenzi wako.

Dada yako

*

23 Mei

Dada,

Shikamoo. Safari hii itikia.

Ndiyo.

Na hapana, sikujua kabla. Ningejua ningembeba mgongoni mpaka nyumbani kwako, na mguu wake unaning'inia. Hili nakuapia kwa kaburi lake.

Nimeshindwa kukuandikia tangu nilipotoka huko kwa sababu nilitaka niandike nikiwa na cha kusema. Nashukuru kwa mapokezi. Hukunikumbatia, ulinipa glovu zako za kufulia na kuninyooshea kidole uani. Kopo umelifunika kwa beseni na juu ya beseni umeweka jiwe, kana kwamba chuma kitatoroka. Mama ametuzuia wote kupita upande ule. Mwenye jino jipya ananiambia kwa kunong'ona, "Mama mdogo, usiligombeze, limelala." Nilicheka kwenye basi peke yangu mpaka abiria wa pembeni akahama kiti, halafu nikalia, akarudi.

Nilikipeleka moja kwa moja kwa mwalimu wangu. Ni mama wa makamo, mkali, hana mzaha. Nilimweleza ukweli wote. Akafungua kitambaa kwa koleo, akatazama zile skrubu, akasema mdudu wa aina hii anaweza kuvumilia chuma kikavu kwa miezi, lakini nisitegemee sana. Akachokonoa matundu, akapaka kwenye visahani vya kuoteshea, tukaviweka kwenye kabati la joto. Kesho yake hakuna kitu. Nikasema basi, nimemuua mara ya pili. Siku iliyofuata sikutaka hata kwenda. Mwalimu akanipigia simu, akasema, "Njoo umwone mtoto wenu."

Ameota, Dada. Vidoti vidogo, vya rangi ya maziwa, vimejipanga kwenye kisahani pale tu chuma kilipogusa. Tumempa kila dawa, amezikataa zote, vile vile kama yule wa kwanza.

Mwalimu hakunisikiliza mimi peke yangu, aliita wakaguzi wa wizara. Wakaja hospitali bila taarifa, na pamba zao wenyewe, wakapangusa ile sinki mbele ya mkurugenzi. Alama zimesomwa. Wa kwenye chuma na wa kwenye sinki ni ukoo mmoja, hawana tofauti hata ya kope. Chumba kimefungwa. Yule msichana wa mkono alihamishwa, anaendelea vizuri, nimemwona mwenyewe akila biskuti.

Mimi nimefukuzwa. Barua inasema nimevunja siri za taasisi. Ninakaa kwenye chumba cha wageni cha mwalimu, napika vibaya, navumiliwa.

Kikao cha wizara ni mwezi ujao, tarehe kumi na mbili. Mkurugenzi atakuwepo na wanasheria wake. Nimeambiwa nieleze nilichokiona. Wameniagiza mdudu nimtaje kwa namba, kwa heshima ya marehemu na familia. Nimekubali. Ni kile ulichokitaka tangu mwanzo, na ulikuwa na haki. Jina la mtoto wako halitatoka tena mdomoni mwangu mbele ya watu.

Mdogo wako

*

30 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba.

Mama magoti bado. Baba Chiriku amerudishwa kazini, yule dereva mwenyewe ndiye aliyemwombea, na pengo lake. Siku hizi anaongea kidogo. Jana aliuliza chumvi iko wapi. Mke wa fundi saa naye alikuja, kasikia habari za sinki, akataka kunishika mikono yote miwili. Nikamwambia aweke juu ya meza.

Tarehe kumi na mbili nakuja. Usianze kuongea kabla sijafika. Wakiuliza nani aliandika barua ya kuteketeza, nitasimama, ni mimi. Wakiuliza chuma kimetoka wapi, nitasimama, ni mimi. Wakiuliza nani alikuwa anafulia taulo kwenye sinki yao chini ya karatasi yao ya NAWA MIKONO, hapo sitasimama tu. Nakuja nalo, nitalitandika mezani mbele ya huyo mtu wa "mama mpendwa", na atalitazama mpaka nitakapochoka mimi.

Sasa hilo la namba. Nililikataa lile jina redioni kwa sababu mlilitumia kuchekea. Huko kwenye kikao hakuna atakayecheka. Yule mzee wa nyonga walimpa namba, akapotea. Yule mama aliyeungua walimpa namba, akapotea, umeme ukakatika. Mwanangu alinusurika kwa sababu mkono wako uligoma. Basi uendelee kugoma. Simama pale, useme Chiriku, tena kwa sauti, na kila ukimtaja waangalie ni mtoto wa nani. Hakuwahi kunyamaza akiwa hai, na hawa hawatamnyamazisha.

Wakikuambia ni lazima utumie namba, waambie mama yake amekataa.

Dada yako